Daftari la Jiko, Manyoni

Siku ya sita. Sahani kumi na nne,
ugali umeota ngozi, mlenda umelala.
Simu kutoka Dodoma: usiandike wamegoma,
andika wamefunga.
Nikafuta kwa kidole na mate.

Daktari kaja na mizani.
Erkalo, wa Hosaena, kapanda
suruali kaishika mkononi:
kilo arobaini na tatu.
Anadai nini? Mkalimani akasema, tarehe.
Kifungo kilikwisha Machi,
nauli ya kumrudisha kwao bado "inashughulikiwa".

Kuku wa bwana jela wamenenepa wiki hii.

Usiku, zamu yangu, nasoma mwandiko wangu:
wamefunga.
Kati ya g na a
pana nafasi ya herufi moja.
Kalamu ninayo.