Kipimo cha Upepo

Kazi yangu ni kutafuta ufa.
Wengine hujenga. Mimi hufika mwisho,
na feni kubwa kwenye buti la gari
na turubai jekundu la kuziba mlango.

Leo ni nje kidogo ya Valmiera, mwezi wa pili,
theluji imefika magotini mwa uzio.
Nyumba ya Ringolds na Madara
inanukia mbao mbichi na deni.

Madara ameniwekea kahawa juu ya ndoo ya rangi,
maana meza bado haijanunuliwa.
Analo daftari la shule, jalada lina dubu.
Ananifunulia bila kuulizwa,
kama mgonjwa afunuavyo kidonda:

Mbao, bei ya Machi: imekatwa.
Bei ya Mei: imekatwa.
Bei ya Agosti imeandikwa kwa penseli,
kwa mkono mwepesi,
kama mtu anayeogopa kuiamsha.

Kwanza walifuta baraza.
Kisha bafu la pili.
Kisha ngazi, na pasipo ngazi hakuna juu.
Chumba cha Velta, mamake Ringolds,
kilidumu kwenye ramani mpaka Oktoba:
kikapungua, kikawa stoo,
kikawa hewa.

"Pesa ilikuwa moja," asema Madara,
"ama chumba cha mama,
ama sentimita thelathini za pamba ya mawe
kuizunguka nyumba nzima.
Swali hilo tulilala nalo wiki tatu.
Lilijilaza katikati yetu
likavuta blanketi lote."

Velta yuko kule kilimani, kwenye nyumba ya zamani.
Kitanda kakihamishia jikoni, ubavuni mwa jiko,
na pazia lake hucheza hata dirisha likifungwa.
Kuni anazochoma kwa mwezi
hapa zingetosha mwaka.
Hayo ameyasema Madara,
akayasema tena, kwa sauti ndogo zaidi.

Ringolds hasemi. Ananisaidia kubana turubai.

Nawasha. Feni inanyonya hewa,
nyumba inakaza mbavu,
masikio yetu yanaziba kama ya mpanda mlima.
Natembea na kijiti cha moshi.
Madirisha ya vioo vitatu: moshi wima.
Soketi: wima.
Pale bomba linapopenya sakafu: wima.
Ringolds ananifuata kwa soksi,
anapumua kwa kukopa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo tulivyoambiwa.
Hawa wameshajenga ukuta,
wameulipia kwa kila kilichokuwamo mfukoni,
na sasa tunautafuta ufa kwa tochi.

Ukuta wa kaskazini, kimo cha kiuno.
Moshi ukapinda.
Nikaweka kiganja: uzi wa baridi,
mwembamba, wenye subira.

"Hapa palikuwa na nini?"

Wakatazamana.

"Mlango," akasema Ringolds. Neno lake la kwanza
tangu nifike. "Mlango wa mama.
Nilikuwa nimeshaukata."

Nimeona nyufa nyingi katika kazi hii:
za fundi mlevi, za fundi mwenye haraka,
za panya. Huu sikujua
niuandike safu gani.

Akaleta utepe wa gundi, akapiga goti,
akaubandika kwa kidole gumba, taratibu,
kama unavyomfunika mtu aliyelala.
Tukapima upya.
Sifuri nukta tano.
Nyumba hii, nikawaambia, mtaipasha moto
kwa umeme wa birika, karibu.
(Nilitia chumvi. Walihitaji chumvi.)

Madara akaiandika namba ile daftarini.
Ndiyo pekee humo iliyowahi kushuka.

Nilikuwa nimeshakunja turubai
Ringolds aliponifuata garini, bila koti.
"Ule utepe," akauliza, "unabandulika?
Tuseme, mbao zikirudi chini.
Tuseme, mwaka kesho."

Unabandulika, nikamwambia.
Ila huondoka na rangi.

"Rangi," akasema, "ninayo ndoo nzima."