Maelekezo kwa Mgeni wa Chumba cha Juu

Tokea mlango wa nyuma. Wa mbele umevimba kwa mvua,
ukiulazimisha utaamsha mtaa mzima,
yaani mimi, na mzee Pountney wa posta ya zamani.
Pita kando ya kanisa, penye makaburi yaliyoinamiana
kama watu wanaopeana siri,
mpaka ulione lango linalobembea ndani ya kizimba chake.
Sisi huliita lango la busu:
halipitishi wawili; aliyetangulia humtoza anayefuata.
Kama uko peke yako, usijali. Mbao zimezoea.

Kisha shamba la akina Beddoes.
Fahali ni mpole, ila usimwambie nimesema hivyo.
Ukuta wa mawe uwe kushotoni mwako,
ukuta usio na saruji hata tone,
jiwe juu ya jiwe tangu enzi za babu wa babu,
umesimama kwa kubanana tu,
kama ndoa nyingi ninazozijua.

Hapo ndipo kilima kinapoanza kukudai.
Wexlow si mlima. Wenye milima yao watakicheka.
Hakina theluji ya kudumu, wala shujaa aliyekifia;
kina mgongo tu, mrefu, wa nyasi fupi,
kama ng'ombe aliyelala akakipa kijiji kisogo.
Lakini magoti hayasomi ramani.
Pumzika penye kangaga. Mwezi huu wa Mei
ndiyo kwanza zinachipua, zimejikunja
kama ngumi za mtoto wa juzi.
Usione haya kuhema. Upepo wa huko unahema kukushinda.

Juu yake utavuka mitaro mitatu.
Wataalamu walikuja na brashi zao, wakasema: ngome,
ya watu wa kabla ya maandishi.
Walichimba majuma sita, wakapata
sindano ya mfupa na jino la mtoto,
wakavitia katika sanduku wakaenda zao.
Chai yao niliipika mimi.
Lile jino hunijia usiku mpaka leo.

Sikiliza: kipozamataza.
Hutamwona. Hupanda wima akimwaga sauti
kama mtu aliyetobokewa na mfuko wa sarafu.
Kinga jua kwa kiganja, tafuta, kata tamaa:
ndivyo anavyotazamwa.

Kileleni pana nguzo ya zege ya wapima ardhi,
na hatua ishirini toka hapo, benchi.
Kila mtu hupanda ili atazame magharibi,
vilima vya Wales vilivyopangana kwa buluu,
mto ukilala bondeni kama uzi ulioponyoka sindanoni.
Alwyn wangu alilikita kinyume. Linatazama huku:
bomba la moshi, bustani ya vitunguu, kamba yangu ya nguo.
Watu humlaumu. Fundi gani huyu,
kuipa mgongo mandhari ya bure?
Alikuwa akichunga kondoo wa Beddoes.
Nikianika shuka jeupe, alijua chakula ki tayari.
Nikianika blanketi jekundu,
alijua nimeudhika, akae hukohuko kwanza.

Mimi sijapanda mwaka wa nne huu.
Daktari alinionyesha picha ya goti langu,
nikaona ule ukuta wa Beddoes
pale ulipobomoka baridi ya juzi.

Basi ukifika, keti. Vua kofia, kunywa chai ya chupa.
Asubuhi hii nimefua.
Tazama chini, halafu urudi uniambie
umeona rangi gani.

Na jambo moja. Miaka thelathini na mitano
nimewapigia wageni kelele wafute viatu;
kibao kile pale mlangoni, mwandiko ni wangu.
Wewe usifute.
Ingia na matope yako, na nyasi, na mavi ya kondoo,
moja kwa moja mpaka jikoni, mpaka hapa nilipoketi.
Nitapiga deki kesho.
Au kesho kutwa.