Juu ya Jabia

Mbwajumwali mtandao hauingii majumbani.
Unapita juu, kama mtu mwenye haraka zake,
na anayeutaka sharti aupandie jabia,
ile saruji pana tuliyoijenga kukinga mvua
na sasa twakingia habari.

Nilipanda Alkhamisi, baada ya alasiri,
na simu ya kaka Famau, yangu imevimba betri,
nywila ya chuo nimeiandika nyuma ya risiti ya karo.
Nikainua mkono. Nikazunguka. Nikasimama pale
ambapo mguu mmoja uko juu ya ufa
na uso umeelekea Faza. Hapo ndipo.

Zikaanguka barua thelathini na saba.

Kwa wanafunzi wote: funguo zimeokotwa bwalo la pili.
Kwa wanafunzi wote: maji yatakatwa Jumanne
(Jumanne ipi? Imekwisha pita, na maji yamesharudi).
Kwa wanafunzi wote: paka wa bweni la wasichana asilishwe tena.
Marekebisho ya tangazo.
Marekebisho ya marekebisho.
Kwa wanafunzi wote: kuanzia sasa
habari zote rasmi zitakuja kwa barua pepe,
na kutoisoma barua pepe si udhuru.
Hilo nalo lilikuja kwa barua pepe.
Lilikuwa limelala humo siku kumi na moja.

Na katikati yao, kati ya paka na funguo,
bila hata kukohoa, bila kubisha hodi:
mtihani wa Takwimu umeletwa karibu,
sasa ni Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Nikahesabu kwa vidole:
boti ya alfajiri hadi Lamu, kisha Mokowe,
kisha basi, kisha usiku kucha barabarani.
Vidole vilitosha.
Pumzi ndiyo iliyopungua.

"Wasemaje?" Mama yuko chini, na ndoo yake.
Nikamsomea kwa sauti. Akasikiliza
kama asikilizavyo tanzia redioni,
akingoja jina.
"Wewe hawakukutaja?"
"Hawakunitaja."
"Sasa wajuaje kuwa wakwambia wewe?"
"Mimi ni mmoja wa wote, mama."

Hilo hakulipenda.
Na bado sikuwa nimefika mwisho, penye herufi ndogo:
Tafadhali usijibu barua hii. Anwani hii haisomwi.

Mama akaifudikiza ndoo, akaikalia.
Kwetu barua huanza kwa kuuliza hali,
katikati ikaeleza hali,
na wino ukikaribia kwisha, huuliza hali tena.
Ami yangu aliandika kutoka Jedda miaka tisa
na sijui mpaka leo alifanya kazi gani huko,
ila najua kila homa aliyougua.
"Barua isiyotaka jibu," mama akasema, "ni nini?
Hata mdai akigonga mlango hungoja uitike."

Kisha akasema: "Andika."
Na kama ilivyo kawaida yake akikasirika,
maneno yakamtoka yamejipanga yenyewe:

*Kwako uliye ofisi,
barua yaja kwa kasi,
salamu huna nafasi,
wala hali kutujua?*

*Sisi tungali wazima,
mvua imetuhama,
mwana yuaja kusoma,
na begi kashachukua.*

Begi sikuwa nimelichukua. Lilikuwa uvunguni,
na ndani yake mama mwenyewe aliweka vitunguu.
Lakini niliandika kama alivyosema,
nikatia nukta, nikamtia na jina lake,
Mwanaesha binti Shalo,
nikabonyeza, mkono juu, mguu juu ya ufa.

Haikupita dakika. Simu ikatetemeka.
"Wamejibu?" Akainuka kabisa.

Nikamsomea: Ujumbe wako haukufika.
Mpokeaji hapatikani.

Akafikiri kidogo. Akaikung'uta ndoo mchanga.
"Haya," akasema. "Huyu angalau ana adabu.
Shuka, ukavitoe vitunguu vyangu."