Alama Tatu za Rangi ya Kucha

Hapa yadini Boko, nyuma ya fremu za mabati,
trekta letu halijui kufikiri.
Yale mapya ya kampuni za barabara, nasikia,
yana vyuma sambamba vinavyoishika ndoo
isipinde shingo, ipande ishuke.
Letu lina mikono miwili ya chuma, na mimi.

Inyanyue mikono: ndoo inalala chali,
kokoto zinaanza safari ya kurudi
kwenye boneti, kwenye kioo kisichokuwapo,
kwenye mapaja yako.
Iteremshe: inainama, inatapika
kabla hujamfikia mteja.
Mchanga haujui kwamba umeshalipiwa.

Kwa hiyo nyenzo ni mbili.
Huu unapandisha,
huu unaomba radhi.
Shubiri moja juu, chembe moja mbele.
Shubiri moja chini, chembe moja nyuma.
Ukizidisha chembe, umemwaga.
Ukiisahau, umejimwagia.

Mwinyimvua, aliyeniachia kiti hiki
akaenda Mkuranga kwenye mikorosho yake,
hakunipa somo. Alitua kikombe cha chai ya rangi
katikati ya ndoo tupu, akasema:
Ipeleke hadi juu ya tipa, uirudishe, ninywe.
Siku ya kwanza alikunywa hewa.
Wiki ya pili alikunywa nusu, na vumbi.
Siku kikombe kiliporudi kimejaa, hakuwapo,
alikuwa ameenda kufuatilia nauli;
chai ikanywewa na kijana wa kupakia
ambaye hata hakuuliza imetoka wapi.

Kisha masika, na lile jiwe.
Si kubwa. Kama papai dogo.
Lilibiringika kutoka nyuma ya ndoo
nikiwa nimegeuka kumjibu dereva bei,
likaniachia hili kovu begani
ambalo kanga hulifunika na jua hulikumbuka.

Maana ndoo ikishapita macho yako
huoni tena sakafu yake,
unaona tumbo tu, na kutu.
Hapo unaendesha kwa imani,
na imani haijazi tipa.

Ndipo fundi Kasiani akachomelea
ufito wa nondo mgongoni mwa ndoo,
ukapita ndani ya kipande cha bomba juu ya mkono,
ukawa unaingia na kutoka kama ulimi.
Tukaituliza ndoo kwenye sakafu ya saruji,
tukalaza pima maji ndani yake,
povu likasita, likarudi, likatulia.
Weka alama hapo, akasema. Rangi tulikuwa hatuna.
Yusta, binti yangu, akatoa mkobani
kichupa chekundu cha kucha,
akapaka kwa ulimi nje, kama anapaka kidole cha bibi harusi.

Tulidhani tumemaliza.
Tukainua ndoo hadi kifuani pa mtu,
alama ileile mdomoni mwa bomba,
Kasiani akapanda ngazi na pima maji yake
akacheka: imelala chali, mama, povu limekimbia.
Usawa wa chini si usawa wa juu.
Alama ya pili, basi, ya zambarau.
Ya tatu, juu ya ubavu wa tipa, ya fedha,
kichupa alichokuwa amekificha kwa ajili ya Idi
ya rafiki yake wa Bunju.

Sasa nasoma ulimi ule:
nyekundu, naondoka;
zambarau, nasogeza chembe, chembe;
fedha, nasimama, nasikia oili ikihema kwenye mipira,
dereva anapiga kelele, *Ongeza kidogo, dada,*
nami siongezi, nimwage kwanza hii.

Mvua na mchanga vinazila rangi.
Ya zambarau imebaki kivuli,
nami siku nyingine nagundua nimeshapita hapo
bila kuiangalia, ndoo imetulia, kokoto zimelala.
Sijui mkono ulijifunza lini.

Jioni nairudisha chini, bapa,
mdomo wake wote ukigusa saruji kwa mara moja,
mlio mmoja, si miwili.
Yusta anadai vichupa vyake.
Nimemwambia mwisho wa mwezi.