Kitunguu Kimoja

Masnona hukaanga pempek mtaa wa Saba Ulu, Palembang,
samaki aliyesagwa akakandwa na unga wa sago,
na karai lake halijapoa tangu mumewe azikwe.
Mimi ndimi mnunuzi wa masalia yake:
mafuta meusi, mazito, yenye harufu ya juzi.
Nayapima, namlipa, nayamimina kwenye madumu,
nayafunga kwa mpira nyuma ya pikipiki
inayokunywa petroli. Usiniulize.

Zamani aliyamwaga mtaroni.
Panya wa Saba Ulu walikuwa na manyoya yanayong'aa.

Kisha huko Ulaya wakaandika sheria:
lita ya makombo ihesabiwe mara mbili,
maana makombo hayakukata mti,
hayakumhamisha mtu shambani mwake.
Sheria njema. Nilisomewa, nikaielewa.
Aliyeiandika bila shaka ana watoto
na huwatazama wakilala.

Ila sheria ni kama karai,
haichagui kinachotumbukizwa.

Mwezi wa tatu bei ya mafuta machafu ikaipita bei ya safi.
Nikamkuta Masnona amenunua mapya dukani,
rangi ya asali, yale ya ruzuku, ya maskini,
ameyabandika motoni,
ametia kitunguu kimoja.
Kimoja tu.
Kikazunguka, kikasinyaa, kikawa cheusi kama jino bovu.
"Haya," akasema, "yametumika."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Kisha nikayapima.

Na aliyenunua kwangu hakunusa,
na aliyenunua kwake alikuwa na mhuri,
na bandarini mhuri ule ukagongewa mwingine,
mpaka lile karai likawa meli.

Kaka yangu Sarkowi yuko juu ya mto,
kwenye ardhi ya mboji, anapanda michikichi.
Wamechimba mifereji, maji yamekwenda zake,
na ardhi ikikauka huungua chini kwa chini,
huoni mwali, unaona tu viatu vinaanza kuyeyuka.
Ananipigia simu akikohoa:
"Mwaka huu wanataka mengi. Nani anakula mafuta yote haya?"
Sikuwa na la kumjibu.
Nilisema mtandao unakatika.

Agosti akaja mkaguzi kutoka Rotterdam, Wietske,
mrefu, pua imeungua jua, daftari mkononi.
Alihesabu vibanda. Alihesabu makarai.
Akapiga hesabu, akairudia, akakuna shingo.
"Mji huu," akasema, "ungekaanga usiku na mchana,
ungekaanga na viti,
usingetoa hata nusu."
Masnona akampa pempek kwenye jani, moto, na siki ya pilipili.
Akala. Akaomba cha pili.
Kisha akainama juu ya karai,
akaiona ile ganda moja nyeusi ikielea,
akanitazama mimi, si yeye.

Ningeweza kusema.
Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni, na kitenzi chake.

Aliandika kitu. Sijui kitu gani.

Usiku huu nimebeba madumu sita darajani
na moshi wa kwao Sarkowi umeshuka mpaka kwenye taa.
Kule kwenye baridi kuna basi linaondoka kituoni,
ubavuni limechorwa jani la kijani,
na mtoto mmoja, kiti cha nyuma, anamwambia mamaye
kuna mtu anapika.