Pima Kavu Kwanza

Nimeketi kiti cha plastiki, safu ya nyuma,
Moshi, mwezi wa Julai, baridi inapenya soksi.
Miaka ishirini na sita nimesaini vyeti vya watoto,
vya kuzaliwa na vile vingine,
na leo nafundishwa kupima nepi.

Mwalimu ni Naserian. Mtihani wake wa mwaka wa tatu
niliusahihisha mimi,
nikamwandikia kwa wino mwekundu: Usiharakishe.
Leo yeye ndiye aniambiaye,
"Daktari Mchome, pima kavu kwanza."
Kavu, gramu kumi na nane.
Baada ya saa nne, ishirini na sita.
Zilizozidi ni nane. Gawa kwa kilo mbili za mtoto,
gawa kwa saa nne.
Moja.
Hesabu ya darasa la nne, na mkono unanitetemeka.

"Kreatinini ya siku ya kwanza," anasema, "ni ya mama.
Msiihukumu figo kwa ushahidi wa mtu mwingine.
Rudieni kesho. Rudieni kesho kutwa.
Ikipanda badala ya kushuka, hapo ndipo pa kuamka."
Mganga wa Karatu anauliza habari za jentamaisini.
Mwingine anapiga miayo; chai imechelewa.

Mimi siko nao. Niko Same, mwaka wa tisini na nane,
kitanda cha dirishani,
mtoto wa Namkunda, bado hajapewa jina.
Siku ya tatu kope zilimvimba.
Muuguzi alinifuata hadi mlangoni:
"Daktari, kanga anazofungwa hazilowi."
"Hanyonyi vizuri," nikamjibu, "ndiyo maana,"
nikaandika dozi ileile, kama kitabu kilivyosema.
Kitabu hakikukosea.
Kanga nayo haikukosea.

Mchana tunaingia wodini. Kando ya sinki
kuna mizani ya kupimia unga wa keki,
imebandikwa plasta: ISIHAMISHWE.
Naweka nepi. Namba inapanda, inapanda tena.
Mama yake ananitazama. "Unacheka nini, daktari?"
"Mwanao amekojoa, mama. Amekojoa sana."
Ananiangalia kama mtu aliyeambiwa kuwa jua limechomoza.

Jioni nashuka soko la Mbuyuni kutafuta mizani.
"Ya tanzanaiti au ya iliki?" kijana anauliza.
"Ya mkojo."
Anadhani nimetoka kwenye mbege.
Ananipunguzia elfu mbili, ananifungia kwa gazeti,
na betri moja ya akiba.