Daftari la Machela

Mimi ndiye katibu wa engozi hapa Kashenyi,
machela yetu ya mianzi, iliyosukwa na babu yake Turyahikayo
na kusukwa upya kila kamba zinapooza.
Kazi yangu ndogo: kuandika nani amekuja kubeba,
nani kalala.
Asiyekuja hutoa shilingi elfu tano
au jogoo, na hatubishani.

Usiku wa Jumanne ilikuwa zamu ya Kyarisiima, mke wa Bekunda,
uchungu siku ya pili, mtoto katanguliza mguu.
Filimbi ikalia. Wakatoka wanaume kumi na wawili
na mmoja zaidi, kavaa sweta la mkewe.
Mvua ya Aprili haiulizi nani mgonjwa.
Wanne begani, wengine wakingoja mabega ya wenzao yachoke,
mimi nyuma na tochi, nikihesabu.

Barabarani tulikuta ambulensi.
Nyeupe, ya serikali, imeegeshwa vizuri kabisa,
dereva ndani kajifunika blanketi.
"Mafuta ya robo hii hayajafika, mama."
Alisema kwa adabu,
kama mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi
hadi likawa laini mdomoni.
Tukabadilishana mabega. Kilomita sita.

Zahanati ina taa za jua.
Shirika lilizileta, na bango lake lingali langoni
ingawa wenyewe waliaga mwaka juzi, kwa keki na hotuba:
mradi umekamilika.
Siku ile nilitamani kuuliza, na mimba je?
Taa tatu zinawaka.
Ile ya chumba cha kujifungulia, betri imekufa.

Basi nikashika tochi.
Sista Natukunda, mwajiriwa wa serikali huyo,
mshahara wake una miezi miwili njiani,
akavaa glavu za mwisho katika boksi la shirika,
akafumba macho, akautafuta mguu wa pili
kama mtu anayetafuta ufunguo
katika mkoba usio wake, gizani, mwenye mkoba akilia.
Sikuthubutu kukohoa. Mwanga usitikisike.

Alfajiri mtoto akapiga kelele. Wa kike.
Wabebaji huko nje wakacheka
kama watu waliomlipia nauli.

Nikafungua daftari. Waliokuja: kumi na watatu.
Chini ya Wasiokuja nikaandika, kwa hasira,
Serikali.
Kisha: Shirika.
Elfu tano kila mmoja, au jogoo.
Nikamtazama Sista, kalala kwenye benchi na viatu vyake,
mdomo wazi.
Huyu sasa nimweke wapi?
Nikaifuta Serikali. Nikamkumbuka dereva, nikaiandika tena.
Nikalifuta Shirika kwa sababu ya glavu,
nikalirudisha kwa sababu ya betri.
Nilifuta na kuandika
hadi karatasi ikatoboka, na kupitia tundu
nikaona majina ya waliokuja mwezi uliopita.

Wiki mbili baadaye alifika bwana mmoja wa wilaya
na binti wa shirika jipya, buti zake hazijaonja tope.
Waliipenda engozi. Waliipiga picha imesimama, imelala,
na Twinomujuni ndani yake akijifanya mgonjwa.
Bwana akataka kuijumuisha katika ripoti.
Binti akauliza kwa upole
kama pana nafasi ya kubandika nembo.
Nikasema nafasi ipo,
nikawafungulia daftari, ukurasa wa wanachama.
Wakacheka kidogo, wakatazamana,
wakatia sahihi wote wawili, kwa kalamu zao nzuri.
Ada wamelipa. Hilo nalo niliandike, nisiwe mchoyo.

Leo ni Alhamisi, saa nane usiku.
Mtoto wa Tindyebwa, homa, shingo imekakamaa.
Filimbi inalia.
Naandika tarehe, naandika wanaotoka mmoja mmoja
wakifunga vifungo gizani,
na chini yao
naacha mistari miwili wazi.